Pua ya Bi Zaina

Wifi yangu Rukia amerudi Palma, na kitu cha kwanza alichouliza si nani yu hai na nani ametangulia, maana hayo tulikwisha kuambiana kwa simu miaka yote aliyokaa Mtwara. Alitua mzigo wake barazani, akavua viatu, akauliza kama ile mbuzi ya mama ya kukunia nazi bado ipo. Haipo. Siku tuliyokimbia vita kila mtu alibeba kilichomjia mkononi. Mimi nilibeba mto wa kulalia na birika lisilo na mfuniko, nikafika navyo Pemba ya huku Msumbiji, na mpaka leo wanangu wakitaka kunicheka huanzia hapo. Nyumba tuliikuta imesimama, alhamdulillahi, mabati hayapo, milango haipo, banda la jiko uani limekuwa jivu. Kisima hakuna aliyeweza kukibeba. Nikamwambia Rukia vyombo vyote nilivyonavyo ni vipya na havina adabu bado, akasema adabu tutavifundisha, akaniomba kapulana, kanga yetu ya huku, ya kujifunga, na kisu.

Tukapika mkate wa kumimina. Mchele tulikuwa tumeuroweka tangu alfajiri, tukausaga na tui zito, sukari, hiliki na hamira, hii ambayo vijana wetu wanaiita fermento kama kwamba ni kitu kingine. Tukaacha uumuke mpaka ukajaa povu, tukaumimina katika sufuria iliyopakwa samli, makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Kisha tukakaa. Mkate wa namna hii ukiwa motoni hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya hiliki, na wapishi wenye haraka hapo huinuka wakasema umeiva. Waongo. Ya pili huja baadaye, ni ya nazi inayoanza kukaangika pembeni mwa sufuria, na hiyo ikifika huna muda wa kumaliza sentensi. Ilipofika nikasema, "Ondoa." Rukia akaondoa, akafunua, mkate rangi ya asali. Akanitazama, akacheka peke yake.

"Pua yako hiyo, Atija," akasema. "Nina neno juu ya pua yako. Nimekaa nalo tangu mwaka wako wa kwanza hapa."

"Basi liseme."

"Mkate upoe kwanza."

Ndivyo alivyo, Rukia. Anakuwashia moto halafu anakwenda kuoga. Akaniacha nimekaa na sufuria, na mimi sikuwa na pa kwenda ila kurudi mwaka ule.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Habari za kwetu Diaca, huko bara, siziweki hapa, shamba ni shamba na mwenye kulijua analijua. Amade alikuja kwetu kununua mchele wa kupeleka pwani, akanunua mchele, akanioa na mimi, akatuleta wote kwa gari moja siku chache baada ya Idd. Chumba nilichopewa kilikuwa cha kona, ukuta wa fito na udongo, na upande wa pili wa ukuta ndiyo baraza ambapo baba mkwe, Mzee Sualehe, alikuwa na cherehani yake. Alikuwa mshonaji. Kila lililosemwa barazani lilinifikia kitandani kama nimeandaliwa. Wiki ile ile ya kwanza nikamsikia mama mkwe, Bi Zaina, akizungumza na mumewe, wala hakupunguza sauti.

"Mwanao alikwenda kununua mchele, karudi na mtu."

"Ndoa ni ndoa, Zaina."

"Sijasema si ndoa. Nimesema mke wa njiani. Nampa mwaka. Idd hadi Idd. Akifaa, kafaa. Asipofaa, gari za Diaca hazijakatika."

Cherehani ikaendelea. Nililala chali nikitazama makuti ya paa. Kurudishwa kwetu si kurudi tu. Mwanamke aliyerudishwa hukaa kwenye mkeka wa watu maisha yake yote, na kila mwenye kupita humtazama akitafuta kasoro iko wapi. Na mimi Amade nilikuwa nampenda, niseme nisiseme. Kwa hiyo nikajiapia kwamba mwaka ule sitakosea. Mwaka mzima! Mtu mwenye akili hawezi kujiapia jambo kama hilo, lakini miaka kumi na minane ina akili yake.

Wenyewe husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya pili. Bi Zaina alinionyesha kiwanja nyuma ya choo, mchanga mtupu mweupe, akasema watu wa bara wanajua kulima, tuone. Jikoni sikuitwa. Jiko lake lilikuwa banda la makuti, mlangoni pana pazia la kapulana iliyochakaa, na pazia lile lilikuwa kali kuliko ukuta wa mawe. Aliingia yeye, na Rukia alipoitwa. Rukia ndiye binti yake, aliyekuwa amerudi kwao Palma baada ya kuachana na mumewe, na alasiri zote alikuwa chuoni akisomesha watoto Kurani. Mimi nilikula kilichotoka. Na kilichotoka, jamani! Wali wa nazi ambao punje haikushikana na mwenziwe. Papa mkavu aliyerowekwa na kuchambuliwa, akapikwa na tui na bilinganya mpaka usijue ni samaki au ni nyama. Kunde za nazi, mihogo ya nazi na pilipili mbichi iliyowekwa nzima ili inukie isiwashe. Vitumbua asubuhi ya Ijumaa. Nilikula nimeinama, nimekasirika kwa utamu, maana kila tonge liliniambia kwamba mwanamke huyu hahitaji msaada wa mtu.

Basi nikauvaa ule mchanga. Nikakusanya majivu, samadi ya mbuzi, pumba za mpunga, taka za samaki nikazifukia mbali paka asizifikie. Nikapanda mchicha, bamia, bilinganya, pilipili, mrehani pembeni. Maji ya kisima chetu yana uchumvi, kwa hiyo miche michanga niliimwagilia maji ya mvua niliyokinga kwenye mitungi, na mikubwa nikaizoesha kidogo kidogo. Nikazungushia miiba, mbuzi wakala miiba. Nikazungushia tena. Siku nilipokata mchicha wa kwanza niliupeleka mlangoni pa jiko kwa ungo, nimeosha, nimepanga majani upande mmoja kama kitabu. Mkono ukatoka nyuma ya pazia, ukauchukua. Baadaye nikaambiwa, "Una mchanga." Safari ya pili nikauosha mpaka vidole vikakunjana. Nikaambiwa, "Leo una maji." Nilikwenda nikakaa katikati ya matuta yangu nikawaambia bamia maneno ambayo hayaandikiki. Amade alipokuwa nyumbani, kati ya safari zake za mpakani Namoto za kuleta sukari na sabuni, aliniambia, "Mvumilie mama." Mwanamume akishakuambia vumilia, ujue keshafunga mzigo wake wa safari.

Sasa nieleze habari ya pua. Bi Zaina alijulikana Palma nzima kwa jambo moja, kwamba Ramadhani haonji chakula. Kuonja kwa ncha ya ulimi ukatema, walimu wanasema kunajuzu kwa mpishi mwenye haja, na wanawake wengi hufanya hivyo. Yeye alikataa. "Nimtie Mungu wangu majaribuni kwa ajili ya chumvi?" Alipika kwa pua. Alifunua chungu, akapunga mvuke kwa kipepeo cha ukili, akanusa mara moja, akajua kama chumvi imetosha, kama tui limekubali, kama pilipili imezidi. Watu watabisha kwamba chumvi hainuki. Wabishe. Tui lisilo na chumvi lina harufu ya maziwa ya mtoto, na lenye chumvi lina harufu ya chakula. Na futari ya nyumba ile haikuwa ya watu wa ndani peke yao. Usiku mmoja wa kumi la mwisho Mzee Sualehe hualika jamaa wa msikitini pamoja na mwalimu, na sahani za Bi Zaina siku ile huzungumzwa mpaka Ramadhani nyingine. Kulikuwa na desturi moja zaidi ya ndani kwa ndani. Kwenye msumari karibu na pazia kilitundikwa kijiko kidogo cha mti. Mwanamke wa nyumba aliye katika siku zake, ambaye hafungi, alikichukua bila kusema neno, akaonja, akarudisha. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyetangaza. Hata hivyo kijiko kile Bi Zaina alikiita cha kuthibitisha. Hukumu ilikuwa ya pua.

Mwaka ule, wakati wa baridi ya kusi, alipata mafua mabaya, akalala siku nyingi, akainuka. Akarudi jikoni. Hatukuona tofauti, au tuliona tukanyamaza: wali mara umepungua chumvi, mara mchuzi umeshika chini kidogo. Rukia alisema mama amechoka. Kisha, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, nilikuwa bustanini nafunga mche wa nyanya alasiri, nikasikia harufu ya nazi inayokaangika. Nikasema moyoni, sasa ataondoa. Harufu ikakomaa. Nikasema, sasa. Ikaanza kuwa chungu. Lahaula! Nikaacha kila kitu, nikakimbia, nikapita pazia kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile. Bi Zaina alikuwa ameketi kwenye kigoda, karibu na sufuria kiasi cha kuigusa kwa goti, anachambua kunde, ametulia kabisa, na moshi wa buluu unatoka chini ya mfuniko mbele ya uso wake. Nikasukuma makaa kwa kijiti, nikaondoa mfuniko kwa upindo wa kapulana, nikatua sufuria chini. Mkate ulikuwa mweusi pembeni na chini.

Aliutazama ule mkate. Kisha akanitazama mimi, na akajua kwamba nimejua.

"Nani kakuita jikoni?"

"Mbuzi, mama. Nilikuwa nafukuza mbuzi."

"Mbuzi kaingia humu?"

"Kapita."

Alichukua kisu akaanza kuukwangua, na mimi nikashika upande wa pili wa mkate usivunjike. Mpaka leo nauona mkono ule na kisu. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke yule miezi mingi, na pale, kwa mara ya kwanza, nilimwonea huruma.

Jioni tukakaa kwenye mkeka, chai imemiminwa. Mzee Sualehe alikata kipande, akakigeuza kama anayetafuta mshono. "Mkate huu umekwanguliwa," akasema. "Nani kapalia makaa?" Bi Zaina alikuwa ameinamia kikombe. Nikamwona anafumbua mdomo, na sijui kilichonipata, nikamtangulia. "Mimi, baba. Nilizidisha makaa. Nisamehe." Rukia akabaki na tonge hewani, maana kila mtu pale alijua kwamba mimi sikuwahi kuvuka pazia. Mzee akasema, "Basi utajifunza," akala. Bi Zaina hakuinua uso. Na mimi nilipokuwa nakusanya vikombe ndipo akili ikarudi: mwezi mmoja kabla ya Idd, mtu anayeangaliwa, nimejishuhudia mwenyewe mbele ya nyumba nzima kwamba nimeharibu mkate, na anayetaka kunirudisha sasa ana sababu mkononi. Nikaona nimejimaliza. Nilikwenda chumbani nikaanza kukunja nguo zangu moja moja, nione kama zinaingia katika kapu nililokuja nalo.

Kesho yake Bi Zaina alikuja bustanini, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akatembea kati ya matuta amefunga mikono nyuma. "Hapa mbali," akasema. "Pandia bamia upande ule, karibu na jiko. Hata chini ya dirisha." Nikasema bamia hazihamishwi, mama, zitanyauka. Akasema, "Basi panda nyingine." Sikuelewa mpaka siku ya kwanza ya mfungo. Alasiri nipo chini ya dirisha la jiko na jembe langu, yeye ndani, nikasikia mfuniko unafunuliwa, kisha nikaona mvuke unapungwa kwa kipepeo ukitoka dirishani moja kwa moja usoni pangu. Mchuzi wa samaki, ndimu, tui. Harufu ya maziwa ya mtoto. Kisha sauti yake, ya mtu asiye na shida na dunia: "Kuku wa jirani wanakusumbua huko?"

Hapakuwa na kuku hata mmoja. Nikafikiri. Nikasema, "Mmoja tu, mama."

Nikasikia vidole vinaingia kwenye chombo cha chumvi mara moja. Mvuke ukatoka tena. "Na sasa?"

"Amekwenda, mama."

Basi hivyo ndivyo tulivyopika Ramadhani ile. Kuku mmoja, chumvi kidogo. Kuku wawili, chumvi zaidi. Jogoo, punguza moto. Hatukuwahi kupanga, hatukuwahi kukaa tukaelezana, na lau mtu angetuuliza, kila mmoja angeapa kwamba anazungumzia kuku. Wapo watakaouliza kwa nini asimtumie mtoto wa jirani aonje. Mtoto akionja, mtaa mzima umeonja. Na Bi Zaina asiye na pua angekuwa nani? Alikuwa na jambo moja ambalo watu walimwinulia macho, na lilikuwa limeondoka na mafua. Nilimwelewa. Na mimi nilikuwa na jambo moja tu, kukaa, na lilikuwa mkononi mwake. Kila futari ilipopita bila mtu kukunja uso nilihesabu kwamba nimepunguziwa deni la ule mkate. Nilifanya kazi kama niliyekodiwa. Bamia mpya zikaota. Mchicha ukajaa, nikapeleka kwa majirani. Mzee Sualehe barazani akawa analalamika: "Nyumba hii kuku kila siku, kuku, kuku, na yai sijaliona!" Bi Zaina akamjibu kwamba mwenye kufunga hafikirii mayai.

Ikafika siku ya wageni. Tangu asubuhi kulikuwa na kazi, nazi zinakunwa, samaki wa kupaka wanachomwa, tambi zinakaangwa, uji wa pilipili manga upo jikoni. Mimi nilikuwa nimeamka vibaya. Nilidhani ni njaa. Mvuke wa kwanza ulipotoka dirishani nikanusa, na kitu nilichonusa kilikuwa matope. Nikanusa tena: matope, na kitunguu kama chuma. "Kuku?" akauliza Bi Zaina. Nikajaribu kujibu. Nikaona hukumu ya mwaka mzima imesimama pale dirishani inangoja idadi ya kuku, na mimi pua yangu imenisaliti siku hiyo hiyo. "Wengi, mama," nikasema. "Wengi, wengi!" Nikakimbilia nyuma ya ua nikatapika maji matupu.

Nilipoinua kichwa Bi Zaina alikuwa amesimama juu yangu, mkono mmoja bado umefumbata chumvi. Hakuwa ameitia. Nikaanza kulia nikisema naweza, mama, nipe dakika, pua itarudi, naweza. Hakunisikiliza. Alikuwa ananitazama kwa namna mtu anavyotazama kitambaa kwenye mwanga.

"Mwezi huu umekula siku ngapi?"

"Sijala hata moja, mama," nikasema, na wallahi nilisema kwa fahari, kumi la mwisho nami nimefunga zote, nilijiona mcha Mungu.

"Hata moja. Na kijiko changu hujakigusa."

"Sijakigusa, mama."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, sikujua hata kwamba ana sauti ile, nyembamba, ya msichana. Alicheka mpaka akashika ukingo wa ua. "Ewe mtoto wa Diaca," akasema, "watu wa kwenu wanahesabu nini, mahindi?" Ndipo na mimi nikahesabu. Siku zangu zilikuwa zimepita kitambo. Alinishika kwapani akanipitisha pazia, akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akanipa maji. "Fungua. Mungu kakuruhusu, mimi ni nani." Kisha akakitoa kijiko msumarini akanipa, nikaonja kila chungu, nikitapika kati ya kimoja na kingine, na kumwambia la kuongeza. Pua ilikuwa imekwenda lakini ulimi ulikuwepo. Usiku ule mwalimu aliomba uji mara ya pili. Bi Zaina aliniangalia kutoka upande wa pili wa chumba cha wanawake na kukunja midomo yake, na kwake hiyo ilikuwa ngoma na tarumbeta.

Idd ikafika. Nilivaa, nikangoja. Hakuna aliyezungumza habari ya mwaka. Asubuhi nilipewa kapulana mpya na kuambiwa nikune nazi, jikoni, kama kwamba nimekuwa nikikuna humo tangu kuzaliwa. Hakuna aliyeniambia umefaa, na mimi sikuuliza, anayeuliza hujibiwa. Nilijijibu mwenyewe: mtoto kaniokoa. Nilikuwa karibu kurudishwa kwa mkate wa kuungua, Mungu akanitilia mimba kwa wakati. Nilishukuru sana. Lakini shukrani ya namna ile ina mwiba ndani. Binti yangu alizaliwa, akaja mwanangu wa pili, kisha nikakaa miaka mingi bila kushika mimba, na kila mwezi niliamka na hofu ile ile ya zamani, kwamba kodi ya nyumba imekwisha na mwenye nyumba atagonga. Nilipika na Bi Zaina miaka na miaka, nikawa pua yake mpaka anaingia kaburini kabla ya hizi fujo, nilimwosha kwa mikono hii. Sikuthubutu kumuuliza. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, na bado ndani yangu kuna msichana amekaa kwenye mkeka anatazama kapu lake.

Rukia alipotoka kuoga mkate ulikuwa umepoa. Alikata vipande, akanipa cha pembeni anachojua nakipenda, akakaa.

"Ulidhani nini siku ya Idd ile?" akaniuliza. "Kwamba umepona kwa sababu ya mimba?"

Sikuwahi kumwambia mtu jambo lile, hata Amade.

"Mavi ya kale hayanuki, wifi," nikamwambia. "Yaache."

"Siyaachi. Mama kafa, baba kafa, na mimi nimevuka Rovuma mara mbili na mtu hajui atavuka lini ya tatu. Jioni ile ya mkate, uliposema ni wewe. Ulikwenda chumbani. Mimi nilikuwa nakunja mkeka, mama akamvuta baba uani, mbali na ukuta wako, akamwambia yote. Kwamba pua imekufa. Kwamba mkate kauchoma yeye, na yule mtoto kajua, na kambebea mbele yetu wakati anajua anaangaliwa. Alilia, Atija. Mama! Kisha akasema huyu harudi Diaca."

"Jioni ile ile?"

"Jioni ile ile. Chai haijapoa."

Nikaweka mkate chini. Mwezi mzima! Mwezi mzima nachimba mchanga chini ya dirisha, nanusa mpaka kichwa kinauma, nakunja nguo na kuzikunjua, na hukumu ilikwisha kutoka kabla sijavua kapulana yenye masizi. "Na wewe ulijua?" nikamwambia. "Ukaniacha?"

"Aliniona pale mlangoni, akanikataza. Alisema, 'Usimwambie. Bustani yangu haijawahi kupendeza hivi.'" Rukia akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Lakini si hilo nililokaa nalo. Baba alimwuliza, vipi kama hatazaa, maana ulikuwa karibu kutimiza mwaka na tumbo tupu, na watu walikwisha kuanza kusema. Mama akamjibu, 'Hata asizae.' Hivyo tu. Akainuka akaenda kulala. Na wewe wakati ule mimba hujaijua, wala yeye."

Uani makaa ya mwisho yalikuwa yanajizima yenyewe. Nilijifuta uso kwa upindo, sikujua hata nilianza kulia saa ngapi, na kifua changu kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetuliwa mzigo ambao alikuwa ameusahau kichwani.

"Alisemaje?" nikamwuliza Rukia.

"Hata asizae."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.